Kanga za bibi: nakunja vitambaa vya kwilti lakini pembe hazikutani, naomba msaada

mjukuu_wa_pangani

Habari zenu wadau, naomba mnisaidie maana hii ni wiki ya pili nimekwama. Bibi yangu alifariki mwaka jana akaacha sanduku la kanga, nyingi tuligawana kama ilivyo kawaida lakini zikabaki tano ambazo zimechakaa mno, ukiinua moja kwenye mwanga unamwona mtu aliyekaa upande wa pili. Hakuna aliyezitaka na mimi moyo haukukubali zikawe matambara ya kudekia. Nikasema ntamshonea mama blanketi la viraka, yaani kwilti, alalie.

Sasa badala ya viraka vya kawaida nikaona video ya ile kwilti ya madirisha, yaani unachukua kitambaa cha mraba unapinda kingo, unakunja pembe zote nne zikutane katikati, unapiga pasi, afu unazikunja tena pembe mpya mara ya pili. Ukiunga viwili unaweka kiraka cha rangi juu ya mshono, unaukunja ule ukingo juu ya kiraka unaushona, inatokea kama jani au dirisha la kanisa la zamani. Nzuri mpaka basi, inaonekana kama duara zimeingiliana wakati hakuna duara hata moja ulilokata.

Nimekata vipande tisa vya inchi 9, nikakunja. Vitatu viko sawa, sita kila kimoja kina umbo lake. Nikiviunga mstari unakwenda kama njia ya mbuzi. Halafu nilitumia kanga yenyewe kukunjia, maua yakachanganyikana na maua, hata madirisha hayaonekani vizuri. Na kipande kimoja kimechanika hapo hapo kwenye mkunjo, nikalia kweli.

Nakata na mkasi, napimia kadibodi, pasi ya umeme, cherehani ya miguu. Je kosa ni langu au ni kitambaa? Na jambo la pili, moja ya hizo kanga imeandikwa WEMA HAUOZI, mama anataka yale maneno yasomeke. Ntafanyaje wakati kila kitu nakikata vipande vidogo?

---

fundi_wa_makadara

Mwanangu pole kwa msiba, Mungu amrehemu bibi. Mimi nipo Mombasa, nashona miaka thelathini na kitu, suti na mabuibui zaidi lakini marinda na mikunjo nimeikunja mpaka vidole vimekuwa sugu. Swali lako nalijua kabla hujamaliza kuuliza.

Kosa lipo kwenye mshazari. Kitambaa kina nyuzi zinazokwenda wima na zinazokwenda mlalo, ukikivuta kufuata uzi hakitanuki, ukikivuta kwa pembe, yaani mshazari, kinanyooka kama mpira. Sasa chukua kipande chako ukitazame. Ukikunja pembe nne mara ya kwanza, ule ukingo mpya uliopata umelala mshazari kabisa, pande zote nne. Hapo ndipo unaposhusha pasi ukaiburuta kama unapiga shati la shule. Umeshakivuta. Huku kimeongezeka nusu sentimita na kule hakikuongezeka, na mkunjo wa pili unarithi kosa la kwanza.

Pasi kwa kazi hii inanyanyuliwa inashushwa. Inyanyue, ishushe, hesabu mpaka tano, inyanyue tena. Usiiburute hata kidogo.

Na huo mshazari usiuchukie maana ndio uzuri wote wa kazi. Zile kingo mbili zilizokutana katikati baada ya mkunjo wa pili ndizo zile zile za mshazari, na ndizo utakazozipindua juu ya kiraka. Zinakubali kupinda kama jani kwa sababu zinanyooka. Zingekuwa kwenye uzi ulionyooka zisingepinda, zingetoa makunyanzi tu. Kingo za nje, zile unazoungia kipande na kipande, zimerudi kwenye uzi ulionyooka, ndo maana kwilti nzima haivutiki ovyo. Yule aliyebuni mkunjo huu alikielewa kitambaa, nakwambia, mimi huwa nauonyesha kwa vijana wangu hapa dukani kabla sijawaruhusu kukata sketi ya mshazari.

Jambo la pili ni kukata. Kanga na vitenge vinachapishwa kwenye kiwanda kwa haraka, mara nyingi mchoro na uzi haviendi pamoja. Wewe unafuata mstari wa mchoro unadhani umenyoosha kumbe uzi umeenda upande. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo, utaona njia nyembamba imebaki, kata hapo. Au kama ni kitambaa cha pamba cha kawaida kichane kwa mkono, pamba inachanika kwa kufuata uzi. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Kwa mraba wa inchi 9 lazima upate inchi 12 na robo tatu pungufu kidogo, na zote mbili zilingane. Zisipolingana hicho si mraba, usikikunje.

Kadibodi iache, kila ukizungushia chaki inaliwa ukingo. Tafuta kipande cha bati au kioo cha dirisha kilichosagwa kingo, au rula ya mafundi.

---

mama_wawili_minnesota

Shikamoo fundi, umemaliza kila kitu 🙏 naomba niongeze hesabu tu maana huku kwetu Marekani nashona kwilti na kina mama wazee wa kanisani miaka sita sasa na hiyo ya madirisha ndiyo walinifundisha kipindi cha baridi.

Dada Pangani, hesabu ni hivi. Ukikunja mara mbili kipande kinabaki nusu ya upande wake. Kwa hiyo inchi 9, toa robo inchi kila upande kwa kupinda kingo unabaki na 8 na nusu, mwisho wake unapata inchi 4 na robo. Kiraka cha dirisha kinakaa kwenye nafasi ya inchi 3 kwa 3, kikate 2 na robo tatu ili ukingo upate pa kupindukia. Ukikikata 3 kamili kitasukuma ukingo, dirisha litakuwa jembamba na utaona uzi umejitokeza.

Sasa blanketi la kulalia mtu mmoja, tuseme inchi 60 kwa 80. Hiyo ni vipande 14 kwa 19, jumla 266, na madirisha 499 yote ya kushona kwa mkono. Mita 12 na ushee za kitambaa cha fremu, yaani kile unachokikunja, peke yake. Na kwa kuwa kila sehemu ina tabaka nne za nguo unaweza usiweke pamba ndani wala bitana nyuma, mgongo wake unatoka umeshamalizika, lakini ni zito. Nimemaliza moja tu maishani na imenichukua majira mawili ya baridi. Sikukatishi tamaa dada, nakwambia tu anza na mto wa kiti. Vipande 4 kwa 4, inchi 17, madirisha 24. Wiki tatu jioni jioni unamaliza.

Kuhusu kitambaa cha fremu: tumia cheupe au cha rangi moja. Uzuri wa mkunjo ni kivuli chake, sasa ukiweka maua makubwa kivuli kinamezwa. Kanga iweke ndani ya dirisha, hapo ndipo maua yanaonekana kama yamewekwa kwenye kioo. Na tena kwa kanga zilizochakaa hapo ndipo mahali pake, nyuma ina tabaka nne zinaishikilia, pembeni kingo zimefunikwa, haivutwi na mtu. Ile iliyokuchanikia ilikuwa inabeba kazi ambayo haiwezi tena.

Wazee wa huku wanatumia pamba nyeupe ambayo haijapaushwa. Siku ya kwanza nilipoishika nikasema hii si ndo ile bibi zetu walikuwa wanaiita marekani? Na kweli, ilikuwa inapakiwa Salem, Massachusetts, kwenye meli inakuja Unguja miaka ya 1830 na kuendelea, ikauzwa mpaka bara huko. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1860 ndivyo vilivyoikata ile biashara. Nikawasimulia wale kina mama, hawakuwa wanajua, tukakaa tunaishikashika ile nguo kimya.

Ifue kwanza kabla hujakata, pamba mpya inarudi ndani ikipata maji. Halafu itie wanga, ule wa muhogo unatosha, ikauke ndo upige pasi. Kitambaa chenye wanga kinakunjika kama karatasi na mshazari wake unatulia.

---

mjukuu_wa_pangani

Jamani mimi sikujua hata neno mshazari kama lina maana kubwa hivo, nlikuwa nalisikia kwa fundi nikipeleka gauni tu. Nimechukua kile kipande kibaya kuliko vyote nikakifungua, kweli ukingo wa mkunjo wa kwanza una inchi 6 upande mmoja na 6 na kasoro kidogo upande wa pili!! Asante baba, asante dada.

499 imenitisha lakini mto ntaweza. Swali: chumvi. Nimeambiwa niloweke kanga kwenye maji ya chumvi zisichuje rangi kwenye ile nyeupe. Ni kweli?

---

fundi_wa_makadara

Chumvi kwenye ndoo nyumbani haishiki rangi iliyoshatoka kiwandani, hiyo imani ipo siku nyingi. Fanya hivi, lowesha kanga, ibane na kitambaa cheupe chenye unyevu, piga pasi juu. Ikiacha doa inachuja, fua tena peke yake mpaka maji yatoke safi. Lakini kanga za bibi zimefuliwa miaka na miaka, iliyokuwa ya kuchuja imeshachuja zamani. Mpya ndiyo ya kuogopa, hasa nyekundu na nyeusi.

---

nyuzi_za_unguja

Assalaam alaykum. Nimesoma yote na nakubaliana na fundi kwa mshazari neno kwa neno, ila kwa kanga hizi mimi nina mawazo tofauti na naomba mnivumilie nieleze kwa urefu.

Kwilti ya madirisha inataka uwe na kitambaa kipya kingi, cha bibi kinabaki kuwa pambo dogo la inchi 2 na robo tatu. Unatoa kanga tano unaishia kutumia chini ya robo ya moja kwenye mto. Nne zinarudi sandukuni. Mimi naona bibi anastahili zaidi ya kuchungulia dirishani.

Kuna Waafrika wa India wanaitwa Masidi, wao wenyewe husema Siddi. Mababu zao walichukuliwa kutoka Afrika, wengi wa waliopo jimbo la Karnataka walipitia Goa wakati wa Wareno, wakatoroka au wakaachwa huru wakaingia misitu ya milimani wilaya ya Uttara Kannada na wapo mpaka leo, Waislamu wapo, Wakatoliki wapo, Wahindu wapo. Wale wa Gujarat wana ngoma wanaiita goma, sasa ukisikia neno hilo wewe mtu wa pwani unajua lenyewe linatoka wapi. Wanawake wa kule Karnataka wanashona blanketi la nguo kuukuu linaitwa kawandi. Profesa mstaafu Henry Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ameandika sana juu yao.

Kawandi haina kukata miraba. Unatandika nguo moja nzima chini, aghalabu sari ya zamani, unaanza na kiraka kwenye pembe ya NJE, unakunja ukingo wake ndani kwa kidole, unashona kwa mkono mshono wa kawaida wa kupita chini juu, na sindano inashika tabaka zote kwa mara moja. Kiraka kinachofuata unakilaza kwenye kilichotangulia, unakunja ukingo kwa kidole tena, unaendelea. Unazunguka blanketi lote kwa nje, ukirudi ulipoanzia unaingia ndani kidogo unazunguka tena, mpaka unafika katikati na hapo ndo mwisho. Ile mistari ya nyuzi imelala karibu karibu, nguo inajikunyata kidogo katikati ya mshono na mshono, ukipitisha mkono unahisi mawimbi madogo kama mchanga maji yakitoka. Huo ndio mkunjo wake, haukupigwa pasi wala haukupimwa, umetengenezwa na uzi.

Na kwa nguo dhaifu hakuna kitu bora. Kila sentimita mbili tatu kuna mshono, hata nguo ikichanika inachanikia pale pale haiendi mbali. Dirisha ukilichana umechana.

Sasa mwisho kuna kitu ambacho nadhani dada utakipenda. Kwenye pembe nne wanaweka phula, maana yake ua. Ni kitambaa cha mraba kimekunjwa mara mbili kikawa pembetatu yenye tabaka nyingi, kinapachikwa kwenye pembe, wakati mwingine moja juu ya nyingine. Kazi ya kuzuia baridi hakifanyi. Lakini wenyewe wanasema kawandi isiyo na phula iko uchi. Mkunjo wa phula ni ndugu wa huo unaoujua wewe, umeshaujua tayari.

---

mama_wawili_minnesota

Dada Unguja umenifanya niache chakula jikoni nisome. Pembetatu kama hizo wazee wa huku wanazipanga ukingoni mwa kwilti nzima kama meno, mraba unaukunja nusu kwa pembe halafu nusu tena basi. Ila naomba kutetea madirisha kidogo, mama anataka kitu cha kuonekana sebuleni na mjukuu ameshajifunza nusu ya njia. Kwa nini asifanye vyote? Mto kwa madirisha, blanketi kwa kawandi.

---

nyuzi_za_unguja

Hapo sina neno, nakubali. Nilichoogopa ni zile nne kurudi sandukuni.

---

binti_ilala

Mimi nijibu la WEMA HAUOZI maana naona limesahaulika na ndilo mama aliloliomba.

Usilikate. Jina la kanga limewekwa chini ya mji juu ya pindo, lipo kwenye kisanduku kirefu chembamba, hilo lichukue zima kama ukanda. Liongezee sentimita mbili kila upande. Kama nguo imechakaa lishonee mgongoni pamba nyembamba, piga bandi kwanza, yaani mshono wa muda, kwa uzi wa rangi tofauti ili ukanda usisogee, ukimaliza unautoa uzi huo.

Kwenye mto, ukanda huu upite katikati, juu yake mstari wa madirisha na chini yake mstari wa madirisha. Na kati ya ukanda na madirisha weka vikunjo vyembamba vya kile kitambaa cheupe. Vikunjo naviongelea vile vya kifuani kwa gauni la mtoto, unakunja kitambaa kwa kufuata uzi, unashona milimita tatu kutoka kwenye mkunjo, unaacha sentimita moja, unakunja kingine. Kila kikunjo kinakula milimita sita kwa hiyo ukitaka vitano ongeza sentimita tatu kwenye kipimo. Vikunjo KWANZA, kukata BAADAYE. Wengi wanakata wanakunja afu wanashangaa kipande kimekuwa kifupi. Vyote vielekee kwenye maneno, jicho linafika hapo lenyewe.

Nilimfanyia hivi mama yangu na kitenge chake cha harusi, kile kilichobaki. Kila mgeni akikaa anagusa vile vikunjo kwa kidole kabla hajaongea.

Ila angalia kitenge, dada, kama utaongezea. Vingi sokoni siku hizi vina poliesta ndani, choma uzi mmoja na kiberiti, ukinuka karatasi na kubaki jivu ni pamba, ukijikunja ukawa kidonge kigumu cheusi achana nacho. Kile hakishiki mkunjo, na pasi ikiwa moto kinang'aa kama plastiki.

---

mjukuu_wa_pangani

Wadau nimerudi, ni siku nyingi kidogo mniwie radhi. Mto umekwisha juzi. Nilinunua pamba nyeupe nikaifua, nikaitia wanga wa muhogo, nikaichana kwa mkono kama fundi alivyosema, na kila mraba nimepima pembe kwa pembe. Sikuburuta pasi hata mara moja, mkono ulikuwa unauma kwa kuinyanyua. Katikati ya vipande vinne nguo ni nene sindano ilikuwa haipiti, nikanunua subana, ile kofia ya kidole, hapo ndo nikaelewa kwa nini bibi alikuwa nayo kwenye kopo la vifungo na sisi tulikuwa tunachezea.

Madirisha nimepanga kanga zote tano. Ile ya bluu ni ya arobaini ya babu, ile ya njano mama anasema ndiyo alibebewa nayo yeye mgongoni. Nilikuwa sijui. Ameniambia alipokuwa ananiona nakata, akaketi akaanza kunieleza moja moja, kanga ya pili akanyamaza tukaendelea kesho yake.

Maneno yamekaa katikati na vikunjo vitano juu vitano chini. Kimoja kimepinda kidogo, mama kakataa nikifumue.

Sasa naanza kawandi na zilizobaki, nimeshatandika shuka ya zamani ya bibi chini na nimeshakunja phula nne. Fundi naomba uniambie sindano ya mkono namba ngapi kwa nguo laini kiasi hiki, maana hizi nilizonazo zinaacha matundu.

---

fundi_wa_makadara

Hongera sana mwanangu. Hizo ulizonazo ni nene. Kwa sindano ya mkono namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kinyume na za cherehani, wengi wanakosea hapo dukani. Chukua namba 9 au 10, zile fupi, na uzi wa pamba usizidi urefu wa mkono wako, mrefu zaidi unajisokota na unachoka kwa kusuguliwa. Namba 10 tundu lake ni dogo, mchana tungia kumi kwa pamoja uzipange kwenye kitambaa, usiku unashona tu. Na usivute uzi ukakaza. Uache ulale, nguo ijikunyate yenyewe.